Hospitali Inayobebwa Mabegani

Kipoyi hakihitaji fundi. Hutafutwa miti miwili mirefu iliyonyooka, blanketi zito au turubai la kutandika kati yake, kamba za kufungia pembe nne, na wanaume wanne wa kimo kimoja. Kimo ndicho cha kuangaliwa zaidi, maana mmoja akiwa mfupi, mgonjwa huteremkia upande wake njia nzima. Wanne wengine hufuata nyuma kwa ajili ya kupokezana, na nyuma yao huja mama au dada wa mgonjwa na furushi kichwani: sufuria, unga wa muhogo, kitenge cha pili, makaa kidogo. Wakifika mlimani hakuna anayeongea sana. Wanaokutana nao huweka mizigo yao kando na kusalimia kwa sauti ya chini, na kijana mwenye nguvu huingia zamu bila kuombwa.

Katika vijiji vya Djugu na Irumu, jimboni Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, safari ya kwenda hospitali imeanza hivyo kwa vizazi. Mahali ambapo pikipiki haipiti, bado inaanza hivyo hadi leo.

Naanza na kipoyi kwa makusudi. Historia za hospitali huandikwa kwa majina ya waliozifungua, wafadhili waliotoa mabati na wakubwa waliokata utepe. Majina hayo yana haki yake, na mengine nitayataja hapa. Lakini hospitali za Ituri zimevunjwa, zikaporwa na kuachwa tupu mara nyingi kiasi kwamba kama zingetegemea waliozifungua peke yao, hata moja isingekuwepo leo. Zimesimama kwa sababu kuna watu wanaozibeba.

Njia panda ya Iga

Ukitoka Bunia kuelekea kaskazini kwa Barabara ya Taifa namba 27, baada ya kilomita kama 25 unafika Iga Barrière. Hapo njia zinaachana. Moja inashika upande wa Mongbwalu, kwenye dhahabu ya Kilo; nyingine inaendelea Djugu, Fataki, hadi Mahagi karibu na mpaka wa Uganda. Jina la mji limebeba kazi ya mahali penyewe, kwani kwa Kifaransa barrière ni kizuizi. Vinavyotoka milimani kwenda sokoni Bunia hupita hapa: maharage, muhogo, viazi, makaa. Askari hupita hapa, wakimbizi hupita hapa, na wagonjwa pia.

Mtu wa Iga hahitaji kuelezwa kwamba barabara na hospitali ni kitu kimoja. Barabara ikiwa salama, mama aliyeshikwa na uchungu usiku hupakiwa kwenye pikipiki kati ya dereva na dada yake, na kabla jua halijachomoza yuko mbele ya daktari wa upasuaji mjini Bunia. Barabara ikifungwa kwa risasi, kilomita 25 huwa ndefu kuliko mia mbili. Ndiyo maana watu wa ukanda huu wa Djugu wameng'ang'ania kuwa na matibabu karibu na nyumba zao, ya kufikiwa kwa miguu.

Huduma za kwanza za kizungu katika ukanda huu zilikuja na dhahabu. Dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903, na migodi ya Kilo-Moto ikawa miongoni mwa utajiri mkubwa wa koloni la Ubelgiji. Kampuni ilijenga hospitali kwa sababu ilihitaji mikono yenye afya. Aliyetibiwa kwanza alikuwa mfanyakazi, na sababu ya kumtibu ilikuwa arudi kazini. Hospitali ya namna hiyo husimama kadiri kampuni inavyosimama. Mgodi ulipodhoofika katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita, huduma zake nazo zilidhoofika.

Kuna hospitali nyingine katika jimbo hilohilo iliyozaliwa kwa njia tofauti kabisa. Ili kuiona inabidi kuvuka Bunia na kwenda upande wa pili, kilomita kama 45 kusini-magharibi, hadi Nyankunde.

Matofali ya moto

Habari ya Nyankunde inaanzia kwenye vita. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulitapakaa mashariki na kaskazini mwa Kongo. Vituo vingi vya misheni vilifungwa, madaktari wakakimbia au wakakamatwa. Mmoja wa waliokimbia alikuwa Carl Becker, daktari Mmarekani aliyefika Kongo mwaka 1929 na kuitumikia Oicha, katika msitu wa Beni, tangu miaka ya 1930. Huko Oicha alikuwa amelea hospitali kubwa na kijiji cha wagonjwa wa ukoma waliohesabika kwa maelfu.

Vita vilipotulia, Becker alirudi. Alikuwa amepita umri wa miaka 70. Badala ya kila misheni kujenga upya hospitali yake ndogo, yenye daktari mmoja anayekesha peke yake, wazo lilikuwa misheni ziunganishe nguvu mahali pamoja. Misheni tano zikakubaliana. Kati ya mwaka 1965 na 1966 kikazaliwa Kituo cha Matibabu cha Kiinjili cha Nyankunde, kinachojulikana na wengi kwa herufi zake za Kifaransa, CME.

Pamoja na Becker alikuwapo Helen Roseveare, daktari Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1953. Kabla ya Nyankunde alijenga hospitali huko Nebobongo, na kwa kuwa hapakuwa na pesa za kununulia matofali, yeye na wafanyakazi wake waliyafyatua na kuyachoma wenyewe. Alisimulia baadaye kwamba alisimama tanurini pamoja nao, akipokea matofali yangali moto hadi viganja vikatoka damu, huku akinung'unika moyoni kwamba daktari hakuvuka bahari kuja kubeba matofali. Wenzake wakamwambia kwamba akiwa chumba cha upasuaji wanamwogopa, lakini pale tanurini, mikono yake ikiwa imechubuka kama yao, ni dada yao.

Maneno hayo ya tanurini yana siri ya hospitali za namna hii. Mwanakijiji aliyebeba tofali haulizi jengo ni la nani. Mwaka 1964 Roseveare alishikwa na waasi na kuteswa. Alipofunguliwa alikwenda kwao, na mwaka 1966 akarudi Kongo, akaingia Nyankunde kufundisha wauguzi hadi mwaka 1973. Kazi hiyo ya kufundisha ndiyo iliyoipa Nyankunde mizizi. Vijana wa Ituri, wa Uele na wa Kivu walikuja kusoma, wakahitimu, wakarudi kwao kushika zahanati na vituo vya afya. Ndege ndogo za shirika la MAF zilipeleka madaktari kwenye hospitali za msituni na kurudi na wagonjwa mahututi. Nyankunde ikawa kama shina, na matawi yake yakafika mbali kuliko macho ya mtu aliyesimama kwenye ua wa hospitali yalivyoweza kuona.

Ua wenyewe una mengi ya kueleza. Nyuma ya wodi za hospitali nyingi za Kongo kuna jiko la jamaa wa wagonjwa: mafiga matatu hapa, matatu pale, moshi, sufuria nyeusi kwa masizi, watoto wanaosubiri. Hospitali inatibu, jamaa ndio wanaopika. Mgonjwa aliyeletwa kutoka mbali huja na ndugu wawili au watatu, na ndugu hao ndio wanaomwogesha, kumgeuza kitandani, kumfulia na kwenda kutafuta kuni. Mgonjwa asiye na ndugu hupata ndugu papo hapo. Mama wa kitanda cha jirani huongeza maji kwenye ugali wake, akachota sahani moja zaidi ya sombe, akamwekea. Hakuna hesabu ya hospitali inayoandika sahani hiyo, lakini bila hiyo wagonjwa wengi wasingepona.

Mpango wa nchi na jasho la kijiji

Katika miaka ya 1980 nchi, wakati huo ikiitwa Zaire, iligawanywa katika zoni za afya 306. Leo ni 519, na Ituri ina 36. Kila zoni ina ofisi yake, hospitali kuu ya rufaa, na vituo vya afya vinavyohudumia maeneo madogo zaidi. Mpango huu ulijengwa juu ya hospitali zilizokuwepo, na sehemu kubwa ya hizo zilikuwa za makanisa. Serikali ilizipa kazi ya umma, makanisa yakaendelea kuziongoza, na wananchi wakaendelea kuzilipia. Nyankunde ni hospitali ya rufaa ya zoni yake kwa utaratibu huohuo.

Katika kila eneo la afya kuna kamati ya maendeleo iliyotoka kwa wakazi, na kuna wanaojitolea ambao watu huwaita marelé. Relé ni jirani yako. Halipwi mshahara. Asubuhi analima shamba lake, mchana anapita nyumba kwa nyumba kuuliza ni mtoto gani hajachanjwa, ni mama gani ana mimba ya miezi saba na hajaonekana kliniki, ni nani ana homa ya siku tatu. Ugonjwa wa kuambukiza ukizuka, yeye ndiye wa kwanza kuusikia, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuwa hatarini.

Halafu kuna salongo. Neno hilo watu wa umri mkubwa wanalikumbuka kwa machungu pia, kwa kuwa chini ya utawala wa Mobutu salongo ilikuwa kazi ya lazima. Lakini kijiji kinapokubaliana chenyewe kufyeka njia ya kwenda kituo cha afya, kuchimba choo cha wodi ya wazazi au kubeba mchanga wa kupigia sakafu, neno hupata maana nyingine. Kongo ina vituo vya afya vingi ambavyo ramani yake haikuchorwa ofisini. Mwenye eneo alitoa kiwanja, wanaume wakafyatua matofali, wanawake wakabeba maji, kanisa likanunua mabati, ndipo mganga akaombwa kwa serikali.

Septemba 2002

Tarehe 5 Septemba 2002 vita vya Ituri vilifika Nyankunde. Mwezi mmoja kabla, waasi wa UPC walikuwa wameiteka Bunia na kuwafukuza askari wa APC, jeshi la kundi jingine la waasi. Siku hiyo wapiganaji wa kabila la Ngiti pamoja na askari wa APC waliingia Nyankunde na kuanza kuwatafuta watu kwa kabila zao. Hawakuishia barabarani. Waliingia wodini, wakaua wagonjwa vitandani. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2003, lilisema watu wasiopungua 1,200 waliuawa Nyankunde katika siku kama kumi.

Baada ya kuua, walipora. Dawa, vifaa vya upasuaji, vitanda, magodoro, milango na mabati viliondoka. Hospitali iliyokuwa imekusanywa kidogo kidogo kwa miaka 36 ikabaki kuta na karatasi zilizotapakaa sakafuni.

Walionusurika walitoka kwa miguu kuelekea kusini. Mamia ya wafanyakazi, wagonjwa, wanafunzi wa uuguzi na familia zao walitembea zaidi ya kilomita 100, siku baada ya siku, hadi Oicha. Wasioweza kutembea walibebwa. Waliokuwa wauguzi jana yake wakawa wabebaji, na kipoyi kilichokuwa kikiwaleta wagonjwa Nyankunde sasa kikawa kinawaondoa.

Oicha ilikuwa mahali palepale ambapo Becker alianzia. Miaka 38 baada ya vita vya Simba kuwaondoa madaktari Oicha na kuzaa Nyankunde, vita vingine viliwaondoa watu Nyankunde na kuwarudisha Oicha. Wengi walifika wakiwa na nguo za mwilini tu, lakini ujuzi wao haukuweza kuporwa. Mtu aliyefundishwa kushona jeraha alijua kushona jeraha hata bila jengo. Shule ya wauguzi ilianza tena masomo ugenini, na Beni ikapata hospitali ya CME ambayo watu wa Kivu Kaskazini wanaitumia hadi leo.

Nyankunde yenyewe haikuachwa iwe pori. Amani ilipoanza kurudi, baadhi ya wafanyakazi walirudi kabla ya mabati. Wafadhili wa nje walisaidia kujenga upya na madaktari wa kigeni wakaja tena kufundisha. Lakini waliotangulia ni wale waliojua kaburi la nani liko wapi. Kurudi kutibu watu mahali ambapo ndugu yako aliuawa, na kumtibu kila anayekuja bila kumuuliza kabila, ni kazi inayohitaji moyo mkubwa. Wapo walioweza, na hospitali inafanya kazi.

Swali lililofika The Hague

Nyankunde ilivunjwa na upande mmoja wa vita. Kabla miezi mitatu haijaisha, upande wa pili ulifanya mambo ya namna hiyo kwenye barabara inayoanzia Iga Barrière. Novemba 2002 wapiganaji wa UPC walishambulia Mongbwalu na jirani yake Sayo. Kituo cha afya cha Sayo kilishambuliwa. Hospitali ya Mongbwalu iliporwa.

Mambo hayo yalifika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, huko The Hague, katika kesi ya Bosco Ntaganda, kamanda wa UPC. Julai 2019 alipatikana na hatia, na baadaye mwaka huohuo akahukumiwa kifungo cha miaka 30. Miongoni mwa makosa yake lilikuwamo la kushambulia kituo cha afya cha Sayo. Kuhusu hospitali ya Mongbwalu ulizuka mjadala wa sheria: je, kupora hospitali ni kuishambulia? Majaji wa kwanza walisema uporaji ni kosa lake lenyewe na hauhesabiwi kuwa shambulio dhidi ya jengo linalolindwa na sheria. Mwendesha mashtaka alikata rufaa, na Machi 2021 majaji wa rufaa, kwa wingi wa kura, wakaikataa.

Wanasheria wana njia zao, na maneno ya sheria lazima yawe na mipaka. Lakini mama anayefika usiku na uchungu, akakuta chumba cha kuzalia hakina kitanda, mkasi wala glovu, hana haja ya kujua kama vilichukuliwa kwa shambulio au kwa uporaji. Kwake yeye hospitali imeuawa. Na mtoto wake anaweza kufa kwa sababu ya kitendo kilichofanywa miezi mingi kabla hajatungwa mimba.

Mahakama iliamuru fidia. Mwaka 2023 ilikadiria deni la Ntaganda kwa waathirika kuwa dola za Marekani milioni 31.3, na madhara yaliyoipata jamii ya Sayo kwa kuharibiwa kituo chake cha afya yamo katika amri hiyo. Hapo majaji walitambua jambo ambalo wanakijiji walilijua siku zote. Kituo cha afya kikipigwa, anayeumia ni kila mtu aliyekitegemea, hata ambaye siku ya shambulio alikuwa mzima shambani.

Wenye magari wanapoondoka

Desemba 2017 vita vilianza upya Djugu. Kundi la wapiganaji la CODECO, na baadaye makundi mengine yaliyojibu kwa silaha, yaliwatoa watu vijijini. Jimboni Ituri waliokimbia makazi yao wamepita milioni moja. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, na mauaji hayajakoma. Februari 2022 zaidi ya watu 60 waliuawa katika kambi ya wakimbizi ya Plaine Savo.

Katikati ya vita hivyo kulikuwa na Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, ikiwa imeua watu 2,287 huko Kivu Kaskazini, Ituri na hata Kivu Kusini. Fedha zilikuja kwa wingi, magari yakaja kwa misururu, mahema meupe yakapandishwa kwa siku chache. Na watu wakayakimbia, mahali pengine wakayapiga mawe. Waliuliza kwa nini ugonjwa huu mmoja unaletewa ulinzi na dola, wakati surua na malaria vinawamaliza watoto wao kimya kimya. Swali lilikuwa na uzito, maana surua iliyozuka Kongo mwaka 2019 iliua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto. Wageni walijifunza kwa gharama kubwa kwamba hema halina ndugu. Anayeaminiwa ni muuguzi aliyewazalisha watu hao na relé anayejua majina ya watoto wao.

Katika ukanda wa Nizi na Bambu, jirani na Iga Barrière, Madaktari Wasio na Mipaka walisaidia hospitali na vituo vya afya katika miaka hii ya vita. Tarehe 28 Oktoba 2021 watu wenye silaha waliufyatulia risasi msafara wao, wafanyakazi wawili wakajeruhiwa. Shirika lilisimamisha kazi, na mwaka 2022 likaondoka katika zoni hizo mbili. Siwalaumu. Hakuna anayeweza kuwaamuru watu wapande gari linalolengwa na bunduki. Machi 2024 ikawa zamu ya Drodro, hukohuko Djugu, ambapo wenye silaha waliingia katika hospitali kuu na mgonjwa akauawa kitandani mwake.

Shirika linapoondoka, dawa za bure huondoka nalo, gari la kubebea wagonjwa huondoka, na nyongeza ya mshahara aliyokuwa akipata muuguzi hukatika. Muuguzi mwenyewe haondoki. Nyumba yake iko pale, watoto wake wanasoma pale. Hufungua mlango asubuhi na kuhesabu vidonge vilivyobaki. Kamati hukaa na kupanga bei upya. Wauza dawa huombwa kukopesha. Na wabebaji hurudi njiani, maana gari halipo tena.

Mabega yamechoka

Ningeweza kuishia hapo, nikiwasifu watu wa Ituri kwa uvumilivu wao, na sifa hiyo ingekuwa ya kweli. Lakini ingewadhulumu. Maneno mazuri kama ushiriki wa wananchi yametumika mno kufunika ukweli kwamba wananchi wameachiwa mzigo.

Sehemu kubwa ya fedha za matibabu Kongo hutoka mfukoni mwa mgonjwa mwenyewe, siku ileile anayougua. Wauguzi wengi hawamo kwenye orodha ya mishahara ya serikali, hivyo hugawana kinachoachwa na wagonjwa. Hapo ndipo mambo mazuri yanapoharibika. Mama aliyefanyiwa upasuaji wa kujifungua na kushindwa kulipa huzuiliwa hospitalini kwa wiki, mtoto mgongoni, hadi ndugu wauze mbuzi. Hospitali inayofanya hivyo huenda haina roho mbaya. Imekosa pesa za kununulia nyuzi za kushonea mgonjwa anayefuata. Lakini yule mama akirudi kijijini atawaambia wenzake wajifungulie nyumbani, na wenzake watamsikia.

Zipo njia zinazosaidia. Watu waliozoea likelemba, kuchanga kila wiki na kupokea kwa zamu, wanaelewa upesi mfuko wa afya wa pamoja, ambao wenyewe huuita mituweli: kila familia huweka kidogo ikiwa nzima, ili isiuze shamba ikiugua. Mwaka 2023 serikali ilizindua mpango wa kujifungua bila malipo, ukianzia Kinshasa na kupelekwa majimboni kwa awamu. Ni hatua ya kweli, ila mpango wa bure unahitaji serikali iilipe hospitali kwa wakati. Isipolipwa, neno bure huwa tangazo tu ukutani. Na mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Watoto waliozaliwa mwaka huo sasa nao ni wazazi, na wanajifungua katika wodi ambazo ahadi hiyo haijafika.

Kwa hiyo nina maombi mawili, kwa watu wa namna mbili.

Kwa wenye kutawala, mjini Bunia na Kinshasa: mlipeni muuguzi. Kabla ya jengo jipya na utepe wake, muuguzi wa zoni za Djugu na Irumu aingie kwenye orodha ya mishahara na alipwe mwisho wa mwezi. Lindeni barabara ya Iga Barrière kama mnavyolinda uwanja wa ndege, kwa sababu kwa mama mwenye uchungu barabara hiyo ni chumba cha kwanza cha hospitali.

Kwa wenye silaha, wa kila upande na kila kabila: kila mmoja wenu alizaliwa mikononi mwa mtu. Wodi mnayoivamia ndiyo itakayowapokea mkijeruhiwa, na watoto wenu wakishikwa na homa. Huko Nyankunde na Sayo nyote mmekwisha kuona kwamba aliyepora hospitali hakutajirika, ila kijiji kizima kilifukarika, na chake kikiwamo.

Kwa watu wa Iga na vijiji vyake, hakuna la kuwafundisha. Kesho kabla ya mapambazuko, mahali fulani milimani, miti miwili itakatwa na blanketi litafungwa. Wanne watainua, wanne watafuata. Wanachohitaji ni kukuta mlango uko wazi, taa inawaka, na mtu aliyelipwa anawasubiri.